Jumamosi Moja ya Mwantumu

Sogeeni. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao, maana mwishoni nitauliza, na sitaki kuona mtu anakuna kichwa.

Walikuwapo watu watatu mjini Tanga. Mhina alijaliwa macho: sindano ikipotea mchangani, muite yeye. Shemeji yake, Mwajabu, alijaliwa mikono: akikupikia hata mchicha mkavu, utalamba sahani. Na jirani yao Kidawa alijaliwa mdomo. Mdomo gani, jamani! Kidawa hakujua kunong'ona tangu azaliwe.

Wote watatu walikuwa na mgonjwa mmoja, Mwantumu, mke wa Mhina na mdogo wake Mwajabu. Figo zake zilikuwa zimekufa, akawa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Hali ilipozidi, daktari akamwongezea na Jumamosi, na Jumapili akawa anashinda kitandani kwa uchovu. Miaka miwili hakulala nje ya mji ule.

"Daktari, hiyo Jumamosi nitaachiwa lini?" aliuliza siku moja. "Mimi ni mtu au mbuzi wa kufungwa kamba?"

"Ni fosfeti, madini ya kwenye chakula, mama. Figo ndizo zingeitoa, na mashine ya siku tatu haiimalizi. Sasa inashikana na chokaa ndani ya damu, vinakuwa chembechembe, na chembe hizo zinakakamaza mishipa. Tumezipima, ni nyingi mno. Vidonge nilivyokupa unatafuna?"

"Natafuna."

"Haya, miezi mitatu. Zikipungua, nakufungulia."

Mwantumu alilia njia nzima. Wala hakudanganya, alikuwa akivitafuna. Kosa lilikuwa la saa. Vidonge vile huliwa pamoja na chakula, viikamate fosfeti humo humo tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Lakini kwa Mhina huli peke yako: sinia moja, ndugu, majirani, na aliyekuja kuazima kinu. Mwantumu aliona haya kutafuna dawa mbele za watu, asije akawatia kinyaa. Akavifunga kwenye pindo la kanga, akavila wageni wakishaondoka. Chakula kimeshapita, vidonge vinakamata hewa!

Siku hiyo aliporudi analia, Mhina alikuwa akianua nguo. Akaona pindo la kanga lina unga mweupe uliogandamana. Siku mbili alimtazama mkewe wakati wa kula, ya tatu akamuuliza, "Mke wangu, dawa unakula saa ngapi?" Mwantumu akainama, akasema yote.

Mwajabu akaliteka jiko. Dagaa, marufuku. Soda nyeusi, marufuku. Maharage aliyachemsha, akamwaga maji, akayachemsha tena, na bado yakaliwa mpaka sufuria likakwanguliwa. Na ujue Mwajabu mwenyewe, dagaa ndio ulevi wake. Miezi mitatu hakuonja.

Lakini haya ilibaki pale pale. Mwantumu alikaa sinia limeshafika, kidonge kimefichwa ngumini. Kidawa akamwona.

"Nyie! Toeni mikono kwenye wali! Mwenzenu anatafuna dawa kwanza, na asiyependa akale kwake!"

Mgeni mmoja akacheka, akatoa vyake vya presha mfukoni. Tangu hapo haya ikaisha.

Miezi mitatu ikatimia, chembe zikapungua karibu nusu. Daktari akasema, "Nenda, mama. Jumamosi hii moja tu. Jumatatu nakupima tena, na zikipanda, siku yako narudi kuichukua."

Ijumaa mchana Mwantumu alitoka kwenye mashine, bendeji mkononi, akawakuta watatu mlangoni, kila mmoja na mfuko wa safari.

"Twende Korogwe," akasema Mhina. "Mama yangu haoni tena. Anaomba akuguse uso."

"Muheza!" akasema Mwajabu. "Mjukuu wangu anatolewa arobaini kesho, na jina kapewa lako."

"Mimi nahamia Lushoto leo, moja kwa moja," akasema Kidawa. "Nani wa kunisindikiza kama si wewe?"

"Bila macho yangu mngejua nini?"

"Macho yanapika?"

"Mkaona, mkapika, na kidonge kikabaki ngumini! Nani alikitoa?"

Waligombana hadi askari wa getini akawaambia washushe sauti.

"Na mimi niliyetafuna?" akasema Mwantumu.

Wakamgeukia.

"Mama yetu alizikwa Handeni, Jumamosi. Dada, wewe ulikuwepo. Mimi nilikuwa nimelala na sindano mbili mkononi. Kaburi lake sijaliona mpaka leo. Mwaka mzima naisubiri siku moja, nimeipata, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nataka kwenda wapi."

Mwajabu akaweka mfuko wake chini, akaanza kulia.

Haya, msinitazame mimi. Mabasi manne yapo stendi, yote yanaondoka saa tisa, na sasa ni saa nane na nusu. Jumamosi ni moja, Jumapili ni ya kurudi, na huenda asipewe nyingine. Wewe uliyekaa hapo, ungempandisha lipi? Na hao utakaowaacha stendi, utawaambia nini?