Wosia wa Nungu kwa Digidigi

Sogeeni, ngano inapita!
— Isipite, ikae nasi!
Itakaa ikipewa nini?
— Ikipewa masikio!

Hapo kale, ukungu ulipokuwa ukishinda bondeni hadi adhuhuri, mume na mke walikuwa wakigombana pangoni. Mume ni Nungu, mzee ambaye hata miiba yake ilikuwa imeota mvi.

"Unanichulia kifo!" alifoka Nungu.

"Sikuchulii, Baba Digidigi. Nakuuliza tu: ukiondoka, shamba la matuta litakuwa la nani?"

"Niondoke niende wapi? Kwa miguu hii?"

Nungu na mkewe hawakujaliwa mtoto. Walimwokota Digidigi kando ya kijito, mdogo, hana mama, wakamlea. Digidigi akalima matuta, akapanda viazi vitamu, akamwita Nungu baba. Lakini Nungu alikuwa na ndugu wawili. Hao walipopita pale hawakusalimia watu, walisalimia viazi.

Nungu akanuna, akaenda kujilaza juani. Usingizi ukamchukua, ukamwinua juu ya bonde, mwepesi kama unyoya. Akaliona pango lake bila yeye. Akawaona ndugu zake wanakuja, miiba yao inalia kacha, kacha, kacha.

"Mtoto, toka shambani!"

"Ni la baba yangu."

"Baba yako nani? Huna miiba, si wetu!"

Nungu akapaza sauti, sauti ikatoka kama moshi. Digidigi akaingia kwenye ukungu, akawa mdogo, mdogo, mdogo, akapotea.

Nungu akazinduka. Akamwita Digidigi, akamnong'oneza sikioni, "Shamba la matuta ni lako." Kisha akalala tena kwa raha.

Usingizi ukamwinua tena. Kacha, kacha, kacha.

"Mtoto, toka shambani!"

"Baba aliniambia ni langu."

"Nani alisikia?"

Digidigi akatazama huku, akatazama kule. Kote ukungu mtupu. Akawa mdogo, mdogo, mdogo, akapotea.

Nungu akazinduka analia. "Mke wangu, nimemwambia, na bado wamemfukuza!"

"Ulimwambia peke yake," akasema Bibi Nungu. "Wosia hausemwi kwa anayepewa tu. Waite wasiopata kitu, wasikie. Waite na nduguzo, wasikie mbele ya wenzao."

"Nikisema si nitakufa?"

"Utakufa hata usiposema. Na mimi pia. Nenda kanawe uso."

Wakaitwa. Wakaja ndugu wawili, wakaja pia Kanga na Pimbi, majirani wasio na haja na viazi. Nungu akasimama, akili zake timamu, akasema:

"Pango ni la mke wangu. Shamba la matuta ni la Digidigi, mtoto wangu. Ndugu zangu, kichaka cha mizizi alichotuachia baba ni chenu."

Kaka mkubwa akakohoa. "Huyu hana miiba."

"Hana," akasema Nungu. "Ana mimi."

"Nimesikia," akasema Pimbi.

"Nimesikia," akasema Kanga, "na kwa kelele mnanijua."

Usingizi wa tatu ulikuja baada ya mavuno mengi. Ukamwinua Nungu polepole. Akaona majani ya viazi yametanda, Digidigi anapalilia huku anaimba. Safari hii hakupaza sauti. Akapanda juu, juu, juu, na hakushuka tena.

Ngano yangu imechoka, inatafuta pa kulala. Nanyi mliosikia, semeni wosia wenu mkiwa wazima, mbele ya mashahidi. Kusema hakuui mtu; kunyamaza ndiko kunakomfukuza mtoto shambani. Mimi mkeka huu nimeshamuusia mdogo wangu, na aache kuuvuta, bado nipo!

Lakini msinyanyuke kwanza. Matanga yalipokwisha, Digidigi alikuwa pangoni na mama yake, akasikia nje: kacha, kacha, kacha. Kanga akanyoosha shingo kutoka majanini, Pimbi akasimama juu ya jiwe. Kaka mkubwa akafika mlangoni, akawatazama mashahidi wote wawili, akainamisha kichwa, akasema:

"Hodi, mwenye shamba. Tunaomba kupita pembeni, tusikanyage matuta yako."