Konokono Waliokataa Kutaga

Mtu mmoja wa milima ya Upare, jina lake Sangiwa, alikuwa na sanduku la udongo lenye konokono thelathini, kila mmoja wa kujaza kiganja. Wa kwanza aliletwa na mkewe, Nakunda, kutoka kwao, amefungwa kwenye jani la mgomba. Sangiwa aliwalisha majani ya mpapai na kuzungumza nao kuliko alivyozungumza na majirani.

Mwaka ule kiangazi kilikaza. Kwa kuogopa ukungu wa kuozesha mayai, aliacha udongo ukauke kabisa, na kila asubuhi akauchokoa kwa kijiti kutafuta mayai. Hakuna. Wiki ya tatu, ya nne, hakuna. Na wafugaji wa pale desturi yao ni moja: konokono asiyetaga hutupiwa bata wamle.

“Hawa wanakula tu!” akafoka. “Mpapai wangu umebaki fimbo. Leo bata watashiba mpaka washindwe kutembea.”

Nakunda akalifunika sanduku kwa mikono miwili. “Baba Senzighe, mume wangu, wewe mwanao ungemlaza kwenye udongo mkavu kama jivu hivi?”

Lakini Sangiwa alikwisha kumtoa mmoja na kumpasua kwa jiwe. Ndani mlijaa mayai. Na katika kila yai mlikuwa na konokono mdogo kama punje ya mtama, gamba lake tayari mgongoni. Mama aliyazuia tumboni na kuwalea watoto humohumo, akingoja mahali pa kuwaweka.

Sangiwa alikaa chini, jiwe bado mkononi. Kisha yeye mwenyewe, ambaye hakuwahi kubeba ndoo, akashuka mtoni kuteka maji. Akaulainisha udongo, akautandikia majani mabichi. Siku tisa hakuchokoa wala kuchungulia, na kwa mtu yule hiyo ni kazi kubwa kuliko kulima. Siku ya kumi Nakunda alimwita kwa sauti ya chini. Udongo ulikuwa unatembea. Watoto walikuwa wakitoka kila upande, na Sangiwa, mwanamume mkali, akacheka huku machozi yakimtoka.

Sasa nakuuliza wewe unayelalamika kwamba mwanao amekua na hakuambii neno: hicho anachokizuia kifuani, akikileta kwako, atakiweka wapi kikaishi?