Bei ya Kunguru Peke Yake

Paukwa! Itikieni kwa sauti, sitaki manong'ono.

Pakawa!

Hapo kale, wanyama walilipa ili waimbiwe, na muuza nyimbo alikuwa Fisi. Alikuwa na ndege saba katika kapu moja. Kila mwezi ukiandama, wewe ulimpa vibaba vinne vya mtama, naye akawatuma ndege wote saba waje kukuimbia, uwatake usiwatake.

Mama Digidigi alimtaka mmoja tu, Kurumbiza. Mwanawe alikuwa amenusurika moto wa msituni, na tangu hapo hapati usingizi mpaka amsikie Kurumbiza. Mwaka ule mvua ilikataa, mama akabakiwa na kibaba kimoja. Akakibeba hadi gulioni, akamwomba Fisi amuuzie Kurumbiza peke yake.

Fisi akasema anauza, kwa nini asiuze, lakini peke yake ni vibaba vitatu.

"Ongeza kimoja tu, mama, upate kapu zima."

Wanyama wakatikisa vichwa: kweli, kapu ni rahisi. Mimi bei ya namna hiyo hunipandisha hasira. Mama Digidigi hakukasirika, aliuliza.

"Na Bundi peke yake?"

"Vibaba vitatu."

"Na Kunguru peke yake?"

Kunguru alikuwa pale pale, amenyoosha shingo. Fisi hakutaka kumuudhi, wala kapu lionekane lina takataka.

"Vitatu. Kwangu hakuna ndege wa bure."

"Haya," akasema Mama Digidigi. "Nipe kapu la vinne. Kunguru wa vitatu mtoe, baki naye." Akamwekea kibaba chake miguuni.

Fisi akaona akikubali, kila mnyama atamrudisha Kunguru.

"Kunguru hana bei!" akafoka. "Huyo wa kujazia kapu tu."

Wote wakasikia. Wakafunga mifuko yao ya mtama, wakasema hawafungui mpaka kila ndege auzwe kwa bei yake ya kweli. Fisi alinuna, alitukana, mwisho akakubali. Kurumbiza akawa wa kibaba kimoja. Jua lilipozama, mtoto wa Digidigi akalala.

Kunguru naye hakusahau. Mpaka leo huimba bure juu ya kila paa, aone nani atathubutu kumrudisha.

Hadithi yangu inakomea hapo. Nanyi mkiambiwa mmoja ni karibu sawa na wote, ulizeni bei ya Kunguru.