Volti Kumi Tu

Mwiba ni kitu kidogo, tena hauna kelele. Ndiyo maana watu huupuuza mpaka mguu ukavimba. Eliud Sumari wa Olmotonyi aliijua methali ya mwiba tangu shule ya msingi, lakini kuijua methali ni jambo moja na kuifuata ni jambo jingine.

Yeye na Swabaha, binti wa Kaloleni, walisomea umeme katika chuo kimoja jijini Arusha. Kwa ajili ya siku ya maonyesho walitengeneza saketi yenye koili ya waya, kapasita ya kuhifadhi chaji na taa. Kasi ya mitetemo ya umeme ilipopandishwa polepole, ilifika mahali koili na kapasita zikaitikiana. Ukinzani ukashuka, na taa iliyokuwa ikififia ikang'aa ajabu.

"Eliud, hii kapasita haihimili zaidi ya volti kumi na sita," Swabaha alisema asubuhi ile. "Zikiitikiana, volti zinapanda ndani yake. Ni kama bembea, unasukuma kidogo kidogo tu, yenyewe inaenda juu. Ngoja nikachukue kubwa dukani."

"Acha uoga wewe! Tunaingiza volti kumi tu, hata panya haziui. Mzee ameshafika, unataka nimwambie asubiri?"

Kweli baba yake alikuwa ameteremka kutoka mlimani na koti lake la kanisani, akasimama mbele kabisa. Eliud akavimba kichwa. Alizungusha kitufe, taa ikawaka, watu wakapiga makofi. Badala ya kuizima, akaiacha hapo hapo ili wazidi kumshangilia. Swabaha alisikia kapasita ikitoa mlio, akainama haraka kuzima umeme. Ikampasukia usoni.

Madaktari walifanya kila waliloweza, lakini jicho la kulia halikuokoka. Eliud hakula wala kulala vizuri. Kwani safari ya dukani ilikuwa na urefu gani? Baba yake angengoja, tena kwa furaha.

Swabaha aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Eliud alikwenda Kaloleni kumwomba radhi, akapiga hodi. Mama yake Swabaha, Bi Siwema, akafungua mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ndani." Akamsogezea kiti karibu na Swabaha. "Kaa kushoto kwake. Huku kulia hakuoni."

Eliud akakaa alipoelekezwa. Mwiba aliudharau yeye, aliyeumia ni mwenzake, na majuto yatavimba moyoni mwake maisha yake yote. Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.