Kidawa na Komba Aliyesimama Viganjani

Paukwa!

Mbona mmejibu kama wenye usingizi? Sogeeni motoni. Paukwa!

Pakawa! Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakielewana lugha, palikuwa na Nyani jike aliyefundisha vijana sarakasi. Uwanja wake ulikuwa kando ya mashamba ya mpunga, umetandazwa majani makavu. Walikuja watoto wa watu na watoto wa wanyama, wakapinduka, wakatembea kwa mikono, wakapandiana mabegani.

Miongoni mwao alikuwako msichana aitwaye Kidawa, mrefu, mwenye mabega mapana. Njiani watu walimcheka kwa ukubwa wake. Uwanjani hakuna aliyemcheka, maana yeye ndiye aliyesimama chini akawabeba wenzake. Mwenzake wa karibu alikuwa Komba, mdogo, mwepesi, aliyesimama juu ya viganja vyake. Kabla ya kupanda, Komba huuliza, "Kidawa, upo?" Naye hujibu, "Nipo." Ndipo hupanda.

Siku moja, ikisalia miezi michache kufika sikukuu ya mavuno, wapita njia walisimama kutazama mazoezi. Mmoja akasema neno juu ya mwili wa Kidawa, wenzake wakaangua kicheko. Kidawa akageuza uso. Kugeuka kule tu, mikono ikayumba, Komba akaanguka, mkono wake ukavunjika.

Kidawa hakurudi tena uwanjani. Nyani akaenda kwao, akamkuta anatwanga, akamsihi arudi, Kidawa akakataa. Akaenda tena, akamkuta anatwanga, akamsihi, akakataa. Mara ya tatu hakumsihi. Aliketi kando ya kinu akasema, "Mwanangu, kosa ni langu. Niliwafundisha kupanda, sikuwafundisha kuanguka. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa sikukuuni."

Kidawa akaweka mchi chini, akalia. Kisha akauliza habari za ule mkono. Nyani akamwambia umeunga, ila Mama Komba ameapa hatakuja kutazama sarakasi maisha yake. Komba mwenyewe kila siku anauliza Kidawa atarudi lini.

Kesho yake Kidawa akarudi. Siku ya kwanza walijifunza kuanguka. Siku ya pili walijifunza kuanguka. Siku ya tatu walijifunza kuanguka, mpaka Komba akawa anaviringika majanini huku anacheka. Ndipo akapanda magotini, siku nyingine mabegani, na mwisho viganjani.

"Kidawa, upo?"

"Nipo," akajibu, "ila naogopa."

Komba akamwambia hata yeye anaogopa. Wakakubaliana kwamba atakayeona hawezi, aseme.

Sikukuu ikafika, uwanja ukajaa pomoni. Komba akauliza, Kidawa akajibu, Komba akapanda. Ngoma zikapamba moto. Mara Kidawa akahisi mkono wa kushoto unaishiwa nguvu. Watu wote macho kwake. Angeweza kung'ang'ania kidogo tu, asifiwe. Lakini akasema, "Komba, siwezi. Shuka."

Komba hakuuliza kwa nini. Aliruka, akaviringika, akasimama mzima.

Ngoma zikanyamaza. Watu wakaguna, na huko nyuma wengine wakaanza kucheka. Kidawa akainamisha kichwa, akatamani ardhi immeze.

Basi akatokea mama mmoja anajipenyeza katikati ya umati. Alikuwa Mama Komba, kumbe alikuja akajificha nyuma ya watu. Akaingia uwanjani, akamshika Kidawa mikono yote miwili, akaitazama kwa muda mrefu.

"Asante, mwanangu," akasema. "Umenishushia mtoto wangu."

Nyani akapiga makofi, vijana wakapiga makofi, uwanja mzima ukapiga makofi. Na tangu hapo, mzazi akimpeleka mtoto wake kwa Nyani, huuliza kwanza nani atambeba. Wengi humwomba Kidawa.

Nami hadithi yangu naitua hapo, taratibu, isivunjike.