Jiwe la Babu Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu. Wadogo mbele, wakubwa nyuma, na anayesinzia afinywe.

Hapo zamani za kale paliondokea kundi la kanga, wale ndege wa madoadoa. Kazi yao ilikuwa kufuatana. Wa mbele akigeuka, wote hugeuka. Wa mbele akikimbia, wote mbio, kekeke-kekeke! Ukiwauliza, "Mnakimbia nini?" wanakujibu, "Muulize wa mbele." Na wa mbele alikuwa Mzee Shungi, naye hakupenda kuulizwa.

Mwaka huo jua likawaka. Nyasi kavu, udongo mkavu, midomo mikavu. Chini ya mwamba, jirani kabisa na viota vyao, palikuwa na dimbwi la maji baridi. Lakini kanga hawakuligusa. Mwiko! Kando ya dimbwi lilikaa jiwe la kijivu lenye madoa meupe. Mzee Shungi alisema jiwe lile ni babu yao. Alikunywa pale, akaganda. Basi kanga wakawa wanakwenda kunywa mtoni, mbali, kwa miguu, na kurudi na kiu ileile waliyoondoka nayo.

Katika kundi alikuwamo Madoa, mama wa vifaranga watatu. Asubuhi moja, hata hawajaenda mbali, kitindamimba wake akaanguka, pu! Macho yakafumbika. Shingo ikalegea. Madoa akamfunika kwa bawa.

"Mzee Shungi, mwanangu hafiki mtoni."

"Atafika, mama. Sisi sote tulifika."

"Na wale ambao hawakufika?"

"Hao hawajawahi kulalamika."

Kundi likacheka, kekeke! Likaenda zake, cha-cha-cha, juu ya majani makavu.

Madoa akabaki, akawaza. Nani hasa alimwona babu akiganda? Yeye aliambiwa na mama. Mama aliambiwa na bibi. Bibi aliambiwa na wa mbele. Akamtazama mwanawe. "Leo nataka maji," akasema. "Sitaki kingine." Akamsukuma kwa mdomo, polepole, polepole, hadi dimbwini, na wale wawili nyuma yake.

"Shikamoo, babu," akaliamkia jiwe.

"Marahaba," ikajibu sauti.

Madoa karuka juu! Kumbe ni Chura, amejikalia juu ya jiwe.

"Wewe! Shuka mgongoni kwa babu yetu!"

"Babu yenu? Mimi nimezaliwa ubavuni mwake, na nimezeekea mgongoni mwake. Hata kukohoa hajakohoa."

Madoa akawaambia wanawe, "Nikiganda, kimbieni." Akainama. Akanywa, gudu! Akangoja. Shingo ikaanza kumwasha, akajikuna.

"Jiwe haliwashwi," akasema Chura.

Madoa akamtilia kitindamimba maji mdomoni, tone, tone, tone. Kifaranga akafumbua jicho moja, akafumbua la pili, kisha akadai chakula.

Jioni kundi likarudi, ndimi nje. Likamkuta Madoa na wanawe wamelowa hadi mikiani.

"Amekunywa!"

"Mbona hajaganda?"

"Ameganda ndani," akasema Mzee Shungi. "Moyo wake umekuwa jiwe. Asiyesikia la mkuu, huyo ni mzima?"

"Ameganda! Ameganda!" wakaitikia, na macho yote yako dimbwini. Mzee Shungi akataka kumeza mate, mate hayapo. Akakohoa kidogo.

"Mizimu imebadili amri. Madoa, ulitanguliza mguu upi?"

"Sikuangalia mguu, mzee. Niliangalia maji."

"Wa kushoto!" akadakia mmoja huko nyuma, ambaye hata hakuwapo.

Ikawa sheria. Kanga wakapanga mstari, mguu wa kushoto mbele. Mmoja akajisahau, akatanguliza wa kulia. Wakamdonoa, ko! ko! ko! Akatoka bila kuonja hata tone.

Kitindamimba akamnong'oneza mama yake, "Mama, nasi tutangulize mguu upi?"

"Ule ulio karibu na maji."

Basi mwenzangu, kabla hujafuata, jua unachotaka. Na unachokiamini, kiulize kilikotoka. Asiyeuliza huvuliwa kamba moja shingoni akavishwa nyingine, na asante akasema.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyo tamu ibebeni mwende nayo, iliyo chungu niachieni hapa mkekani.