Chura Katika Tangi la Fundi Vioo

Wapendwa, alikuwepo fundi mmoja wa vioo, hodari kwelikweli. Nusu ya madirisha ya mji ule yalipita mikononi mwake. Mkewe alifariki mtoto akiwa mchanga, na binti yao akalelewa na bibi yake huko kwenye majaruba ya mpunga. Alipofikisha miaka minane, baba akamleta mjini akae naye, asome shule nzuri. Alimpenda yule mtoto, msije mkamfikiria vibaya. Alimpa chumba chake mwenyewe, akakipaka rangi, akanunua kitanda na chandarua kipya.

Binti akafika na begi moja na kopo la siagi lililotobolewa mfuniko. Ndani mlikuwa na chura mdogo wa kahawia.

"Baba, bibi amesema tumwekee kilima cha udongo, na maji kidogo tu ya kulowana."

Fundi akacheka. "Chura wangu mimi akae kwenye tope? Subiri uone baba yako ni nani."

Siku mbili nzima aliziweka kando kazi za watu. Akakata vioo, akaviunganisha kwa silikoni, akamwaga kokoto za bluu, akachomeka majani ya plastiki, akafunga na taa. Kisha akajaza maji mpaka karibu na mfuniko. Pa kutua mguu, hakuna. Tangi lilipendeza, nani abishe? Hata mimi ningelitaka sebuleni kwangu.

"Baba, atapumzika wapi?"

"Chura ni wa maji, mama. Umesikia wapi chura kazama?"

Haya. Mtoto akanyamaza, maana bibi alimfunza adabu.

Chura akawa anaogelea kutwa. Akifika kwenye kioo anakikwangua kwa mikono miwili, anateleza, anaanza tena. Majirani wakaja kuona. "Tazama, anatusalimia," wakasema, na fundi akatembea kifua mbele. Ndugu zangu, kiumbe anatafuta pa kutokea, sisi tunampungia mkono! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Asubuhi ya siku ya nne wakamkuta anaelea, tumbo juu. Alikufa kwa kuchoka tu.

Fundi alijua mtoto atalia, na maneno ya kumbembeleza alishayaandaa: nitakutafutia mwingine, mzuri zaidi. Binti hakulia. Alisimama pale na sare yake ya shule, akasema taratibu, "Baba, naomba unirudishe kwa bibi."

"Unakosa nini hapa?"

"Mtu wa kuongea naye. Nilikuambia siku ile, ukasema utaninunulia runinga."

Na kweli aliinunua. Ilikuwa ukutani, kubwa, imezimwa. Fundi aliikumbuka siku ile vizuri, jinsi mtoto alivyoanza kusema na yeye alivyomkatisha kwa ahadi. Roho ikamuuma sana. Alitamani airudishe siku hiyo, lakini nani kati yenu amewahi kuirudisha siku? Jumamosi akampeleka mwenyewe, akarudi peke yake kwenye nyumba yake nzuri.

Naona wengine mnatikisa vichwa. Msimtikisie fundi. Sisi je? Mama kijijini anaomba tukamwone, tunamtumia blanketi. Mke anaomba mazungumzo, tunaleta makochi. Kijana anasema, "Baba, masomo haya siyawezi," tunamwongezea tuisheni. Tunatoa, jasho linatutoka, na tukitoka hapo tunajisifu kwamba tunapenda. Ila kile tulichoombwa hatujakitoa. Na wao, kwa adabu zao, wananyamaza, nasi tunadhani wameridhika.

Hata mimi ninayesema hapa mbele yenu ninaye mtu niliyemnyamazisha hivyo. Hayupo tena, na sitajua kamwe alichotaka kuniambia. Ninajuta, wapendwa, na majuto yangu hayamfikii.

Lakini mtu wako wewe bado yuko nyumbani. Basi leo ukitoka hapa usipitie dukani. Nenda moja kwa moja, kaa naye, umuulize, "Ulikuwa unaniambia nini?" Halafu mwache amalize.